Droo Njema ni Ile Inayotoka

Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea na upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini, makabati mengi ya Ukunda, Tiwi na Msambweni, katika kaunti ya Kwale, pwani ya Kenya, hukataa kufunguka. Droo iliyokuwa ikivutwa kwa kidole kimoja mwezi wa Februari sasa inataka mikono miwili na goti lililokazwa ubavuni mwa kabati. Mwenye nyumba huvuta kwa hasira. Kishikio hung'oka na skrubu zake, au ubao wa mbele ukabanduka ukambakia mkononi, na vijiko vikasalia gizani vile vile. Hapo ndipo fundi huitwa.

Nataka kumsifu fundi huyo, hasa kwa ile sehemu ya kazi yake isiyoonekana kwenye vitanda na makabati yanayopangwa kando ya barabara pale Ukunda ili kuwavutia wapita njia. Nazungumzia ustadi wa kuitoa droo mahali pake bila kuiumiza, na kuirudisha ikakaa vizuri kuliko ilivyokaa mwanzo. Akiifanya anayeijua, ni kazi ya dakika chache. Lakini ndani ya dakika hizo mna elimu ya mbao, elimu ya chuma, elimu ya misimu, na adabu ya kuingia katika mambo ya watu. Mna pia jambo ninaloliona kuwa kiini cha kila kazi njema ya mkono, nalo ni kumfikiria mtu atakayekuja baada yako.

Tuanze na mbao. Ubao uliokatwa na kukaushwa haujaachana na maji. Hewa ikijaa unyevu, ubao huuvuta. Hewa ikikauka, huuachia. Wala hauvimbi sawasawa pande zote. Kwa urefu, kufuata nyuzi zake, hubaki karibu vile vile mwaka mzima. Kwa upana, kukatisha nyuzi, huongezeka na kupungua kila msimu. Ubavu wa droo hukatwa nyuzi zikielekea mbele na nyuma, kwa hiyo unapovimba huvimba kwenda juu. Ubavu wenye kimo cha sentimita 15 unaweza kuongezeka milimita moja, hata zaidi, kati ya ukavu wa kaskazi na unyevu wa masika. Aliyejenga ukuta hatajali milimita moja. Aliyeiachia droo nafasi ya nusu milimita ataitwa Mei.

Seremala anayeijua pwani, kwa hiyo, huuliza mwezi kabla ya kuuliza kipimo. Akitengeneza droo za mbao tupu mwezi wa Januari au Februari, wakati wa kaskazi, huacha nafasi pana juu ya kila droo, maana anajua kuwa mbao ziko katika wembamba wake na zitanenepa. Akizitengeneza masika, huzikaza kidogo, kwa kuwa zitapungua. Mteja asiyejua humlaumu mara mbili: Februari kwa uwazi anaouona juu ya droo, na Mei kwa ugumu anaousikia mkononi. Fundi huvumilia lawama ya kwanza ili ile ya pili isije.

Tena kuna asili ya mbao zenyewe. Katika maduka ya mbao ya Kwale utakuta saipresi na paini zilizotoka bara, paini na msaji zilizovuka mpaka kutoka Tanzania, mwembe uliokatwa shambani, na mwarobaini ambao nyuzi zake zilizosokotana huichosha randa. Mvule na mbambakofi, mbao walizozizoea wazee, leo ni adimu na ni ghali. Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, na Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuuondoa usimamishaji huo. Katika miaka hiyo mafundi walizidi kutegemea mbao za ng'ambo ya mpaka na miti ya mashambani, na si mara zote mbao hizo zilikuwa zimekauka vya kutosha. Ubao mbichi ukigeuzwa droo, hukaukia ndani ya kabati, ukapinda na kufunga njia. Fundi mwangalifu huzipanga mbao kivulini, vijiti vimewekwa baina ya ubao na ubao ili hewa ipite, akazisubiri. Wiki hizo za kusubiri hakuna anayezilipia, na ndizo zinazoamua kama droo itatoka miaka kumi baadaye.

Droo si mgeni katika pwani hii. Masanduku ya mbao ngumu yenye njumu za shaba, ambayo kwa miaka mingi yamekuwa fahari ya nyumba za Waswahili kutoka Lamu hadi Zanzibar na kuteremka kusini, mara nyingi yana droo tatu ndogo chini, na baadhi yana vichumba vya siri ambavyo mgeni hawezi kuvifungua bila kuonyeshwa. Mengine yalitengenezwa Bara Hindi yakaja kwa majahazi yaliyosukumwa na kaskazi, mengine yalitoka mikononi mwa mafundi wa pwani wenyewe. Na ukitaka kurudi nyuma zaidi, katika kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri aliyezikwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita na ambaye kaburi lake lilifunguliwa mwaka 1922, kulikuwa na sanduku la mchezo wa seneti lenye droo ya kuwekea kete. Mwanadamu ametaka kwa muda mrefu sana kuwa na chumba kidogo kinachomjia, badala ya yeye kuinama na kuingiza mkono gizani.

Droo hizo za zamani hazina chuma chochote cha kuzibeba. Ubao hutembea juu ya ubao. Kila ubavu umepigwa randa hadi ukaingia katika nafasi yake, na kitako kimepitishwa katika mfereji mwembamba bila gundi, ili kivimbe kitakavyo bila kuzipasua mbavu. Ubao wa nyuma hukatwa mfupi kidogo kwa chini, kitako kipite chini yake. Kikiharibika, huvutwa nje kwa nyuma na kingine kikaingizwa, na droo yenyewe haivunjwi. Katika kabati lililofungwa vizuri pande zote, kazi ya fundi wa juu kabisa, ukiisukuma droo moja ndani, hewa iliyobanwa humtoa jirani yake nje kidogo. Hakuna mapambo yanayoweza kumsifu seremala kuliko pumzi hiyo.

Dawa ya droo ya namna hiyo ni nta. Kipande cha mshumaa mkavu kikisuguliwa chini ya mbavu na juu ya njia yake kinatosha miezi mingi. Mafuta ya kupikia hayafai, kwa sababu mbao huyanywa, zikavimba, na vumbi likanata. Sabuni hutelezesha siku ya kwanza, lakini nayo huvuta unyevu, na unyevu ndio ulioleta shida. Bibi wengi wa vijijini waliijua siri ya mshumaa hata kama hawakuwahi kushika patasi.

Kisha zikaja reli. Leo katika nyumba nyingi za Diani, za wenyeji na za kukodishwa kwa wageni, droo haitembei juu ya mbao. Imebebwa na vyuma viwili, kimoja kila ubavu. Zile rahisi ni vyuma vilivyopakwa rangi nyeupe vyenye gurudumu dogo la plastiki, gurudumu moja kwenye kabati mbele na jingine kwenye droo nyuma. Zile ngumu ni reli za gololi: vipande vya chuma vinavyoingiana, na baina yao gololi ndogo zilizopangwa katika ukanda mwembamba unaozizuia zisigongane, zikipita moja baada ya nyingine kama punje za tasbihi kwenye uzi wake. Wazo la kubeba mzigo juu ya gololi lilipata hataza Uingereza mwaka 1794, pale Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alipolitumia katika ekseli za magari ya kukokotwa. Zaidi ya karne mbili baadaye linazibeba sufuria za Msambweni.

Reli ya gololi ina sharti moja lisilo na msamaha, nalo ni nafasi ya nusu inchi, yaani milimita 12.7, kila upande. Droo lazima iwe nyembamba kuliko tundu lake kwa inchi moja kamili. Ikizidi, reli hubanwa, gololi zinasaga. Ikipungua, reli hutanuka, droo ikacheza na kulegea, na siku moja ikabaki imening'inia upande mmoja. Fundi aliyezoea kusema "karibu sawa" katika kitanda au benchi, hapa hana pa kujificha. Chuma hakivimbi masika wala hakipungui kaskazi, na hakisamehi.

Lakini waliobuni reli hizo nao walikuwa na huruma yao. Ukizitazama kwa makini utaona kwamba baadhi ya matundu yake ya skrubu si ya duara. Yamerefushwa, mengine kwenda juu, mengine kwenda mbele. Fundi anayejua huanza na hayo. Hufunga skrubu mbili tu, haikazi hata moja mpaka mwisho, hurudisha droo, hutazama kama imelingana na jirani zake, huitoa tena, hupandisha reli kidogo au kuishusha. Mpaka aridhike ndipo hufunga skrubu katika matundu ya duara, ambayo hayasogei tena. Nusu ya kazi yake ni kutoa na kurudisha. Asiyependa kurudia hawezi kazi hii.

Nimemtazama fundi mmoja mtu mzima akiifanya katika jiko la nyumba ya wageni iliyokuwa imefungwa tangu msimu uliotangulia. Kijana anayeitunza nyumba alikuwa ameshaipindisha droo kwa kuvuta.

"Usiivute, mwanangu," fundi alimwambia. "Isukume kwanza."

"Nisukume, mzee? Si tunataka itoke?"

"Sukuma. Iliyobanwa hujui ilipobanwa kwa kuvuta."

Aliweka kiganja katikati ya ubao wa mbele akaisukuma ndani, polepole, halafu upande wa kushoto, halafu wa kulia, sikio karibu. Kulia ilirudi nyuma. Kushoto iligonga kitu. Hakuigusa tena. Aliitoa droo ya juu yake, iliyokuwa nzima, akaingiza mkono kupitia nafasi ile. Upawa ulikuwa umesimama ndani, umeshika kwenye ukingo wa kabati. Aliulaza kwa rula ya chuma, na droo ikaja yenyewe.

Katika tendo hilo mna mafunzo ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya reli. La kwanza ni kwamba kukwama mara nyingi si ubovu wa droo. Ni kitu kilicho ndani yake, au karatasi iliyoanguka nyuma yake. La pili ni kwamba njia ya kuifikia droo iliyofungwa ni kupitia droo iliyo wazi. La tatu ni kwamba nguvu ndiyo kifaa cha mwisho, na mara nyingi haihitajiki.

Kabla ya kuzitoa zote, fundi huyo alichukua penseli akaandika namba nyuma ya kila droo na namba hiyo hiyo ndani ya tundu lake. Kwa macho ya mgeni droo nne za kabati moja ni ndugu wanaofanana. Kwa macho ya aliyezitengeneza hakuna mbili zilizo sawa. Kila moja imepigwa randa kwa ajili ya mahali pake, na ukizichanganya utapata droo nne zenye matatizo badala ya moja.

Kisha alimwita mama mwenye nyumba. "Mama, hizi za chumbani njoo uzitoe vitu mwenyewe," alisema, na alipokuja, yeye akageuka akashughulika na skrubu zake dirishani. Sikuona mtu akimfundisha hilo, na sijui chuo kinachopima hilo katika mtihani. Hakuna mahali pa siri katika nyumba kuliko droo za chumba cha kulala: dawa, barua, dhahabu ya harusi, nguo za ndani, karatasi za hospitali. Fundi wa droo anaingia pale ambapo hata jirani wa miaka ishirini hajaingia. Kinachoangukia nyuma ya droo, iwe kitambulisho kilichotafutwa hadi kikaombwa kipya, risiti ya karo, au picha iliyopasuliwa katikati, yeye ndiye wa kwanza kukiona. Hukiokota, hukifuta vumbi, hukiweka mezani kimeinamia chini. Sitara hiyo ni sehemu ya ufundi wake, sawa na unyoofu wa msumeno wake. Fundi asiye na sitara, hata akiwa na mkono wa dhahabu, haitwi mara ya pili.

Kuitoa droo yenyewe kuna namna yake kwa kila aina. Ile ya gurudumu la plastiki huvutwa hadi mwisho, kisha ubao wa mbele huinuliwa, gurudumu likapanda juu ya kizuizi, ikatoka. Ile ya mbao mara nyingi imezuiwa na kipande kidogo cha mti nyuma ya fremu. Mkono huingia kwa chini, hukigeuza, na njia ikawa wazi. Ile ya gololi ina vibanzi viwili vyeusi vya plastiki, kimoja kila ubavu, vinavyoonekana droo ikivutwa hadi mwisho. Vibanzi hivyo ni kitu kimoja kilichogeuzwa upande, kwa hiyo kimoja hubonyezwa chini na kingine huinuliwa juu, kwa wakati mmoja. Asiyejua huvibonyeza vyote chini, akakazana, kimoja kikakatika. Anayejua hulaza vidole viwili, huhisi kila kibanzi kikilegea, na huivuta droo moja kwa moja kifuani kwake bila kuiinamisha.

Droo ikishatoka, kabati huonyesha hali yake halisi, na hapa pwani hali hiyo mara nyingi ni kutu. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi hupita madirisha yaliyofungwa. Reli iliyopakwa zinki katika nyumba iliyo karibu na mchanga huota madoa mapema kuliko ndugu yake iliyoko mjini Kwale, juu kilimani. Kisha kuna mchanga wenyewe, ule mweupe laini wa Diani unaosifiwa na watalii. Ukiingia kwenye reli iliyopakwa grisi nzito, huchanganyika nayo ukawa msasa, na kila mfunguo unakula chuma. Ndiyo maana fundi wa hapa hapaki grisi nyingi kama wanavyoshauri wa mbali. Hupiga brashi kavu, hufuta kwa kitambaa, hutia tone la mafuta ya cherehani, na hufuta tena, akaacha utando mwembamba tu. Iliyooza huibadilisha. Huipima kwa inchi, 14, 16, 18, na hupeleka ya zamani dukani kama shahidi, kwa kuwa reli mbili za urefu mmoja zinaweza kuwa na matundu tofauti.

Skrubu zilizolegea zina tiba yake. Ubao wa MDF au chipubodi, unaotumika sana katika makabati ya bei nafuu, ukilowa hufura na kupoteza mshiko. Skrubu huzunguka tu. Fundi huchovya njiti za kiberiti katika gundi nyeupe, huzipachika tunduni hadi lijae, huzikata ziwe sawa na uso wa ubao, husubiri zikauke, na skrubu ile ile hushika tena. Ni dawa ndogo, na inaokoa kabati ambalo mwenyewe alikuwa ameshalitoa nje ya mlango.

Kwa droo ya mbao iliyovimba, ujuzi mkubwa zaidi ni kujizuia. Mteja anataka ipigwe randa mpaka iteleze leo. Fundi anajua kwamba akiondoa leo, Mei, kila milimita inayolalamika, Februari droo itakuwa imelegea na kuyumba, uwazi juu yake wa kupitisha kidole. Hutoa kidogo tu pale penye alama ya kusuguana, ule mng'aro mwembamba unaoachwa na mbao zilizogusana, akapaka nta, akasema atarudi kukiwa kukavu. Anaondoka na malipo madogo na mteja asiyeridhika kabisa. Nadhani hiyo ndiyo saa ambayo fundi huyo anastahili heshima kuliko zote, maana anaichagua haki ya kabati mbele ya furaha ya mwenye kulipa, na hakuna atakayejua ila yeye na kaskazi ijayo.

Kuirudisha ni kugumu kuliko kuitoa. Kwa reli ya gololi, ukanda wa gololi lazima uvutwe mbele kwanza, pande zote mbili. Ukiachwa nyuma, chuma cha droo kitaugonga na kuupinda, na gololi zikamwagika sakafuni. Kisha vyuma vya droo huingizwa vyote viwili kwa pamoja, vikiwa sawa kabisa. Mkono mmoja hushika chini ya droo kubeba uzito, mwingine huelekeza. Sentimita za mwanzo hupita bila sauti. Halafu huja uzito kidogo, gololi zikikaa mahali pake, na hapa ndipo mkono wa mwanafunzi hukosea: husukuma kwa nguvu. Mkono wa fundi hutofautisha uzito wa kukaa na uzito wa kugonga. Uzito wa kukaa ni sawa pande zote mbili, na husonga. Uzito wa kugonga uko upande mmoja, na ni mkavu. Ukiusikia huo, unairudisha nje yote na kuanza upya. Hakuna njia ya mkato. Ikifika mwisho hutoa mlio mdogo wa kufunga, na baada yake huvutwa na kurudishwa mara kadhaa, ikiwa tupu, kisha ikiwa na vitu vyake.

Nimesema kiini cha kazi hii ni kumfikiria atakayekuja baadaye, na sasa naweza kulieleza. Kila kitu nilichokitaja, kitako kisichotiwa gundi, kipande cha mti kinachogeuka, vibanzi vyeusi, matundu marefu, skrubu badala ya misumari, kiliwekwa na mtu aliyekubali kwamba kazi yake itaharibika. Hakuona aibu kulikubali. Alijua kuwa masika yatakuja, chumvi itakuja, watoto watakuja na kuining'inia droo kwa mikono yao yote miwili, na akaacha njia ili mtu mwingine, asiyemjua, aweze kuingia na kutengeneza. Aliyepigilia reli kwa misumari na kumwaga gundi kila kona aliokoa dakika chache, na alimwambia kila fundi ajaye kwamba kabati hili likiumwa litatupwa.

Hili lina uzito hasa kwetu wa Kwale. Uchumi wa Diani huenda kwa misimu. Kuanzia Aprili hadi Juni wageni hupungua, nyumba nyingi hufungwa, na mwaka 2020, wakati wa korona, zilifungwa kwa muda mrefu zaidi. Nyumba iliyofungwa huharibika upesi, na matengenezo ya kabla ya Julai ni riziki ya mafundi wa Ukunda. Kabati linalotengenezeka huiacha fedha hapa hapa. Kabati lisilotengenezeka huipeleka mbali na kuacha taka nyuma ya nyumba. Na karibu na Diani uko msitu wa Kaya Kinondo, miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, ambao wazee wameulinda kwa miiko kwa vizazi vingi. Watu waliorithi adabu ya kutokata mti ovyo wanapaswa kuwa wa kwanza kuthamini mkono unaoongeza umri wa mbao ambayo tayari imekatwa.

Kwa hiyo ningependa vijana wanaojifunza useremala katika vyuo vya ufundi vya kaunti, wale wanaojiandaa kwa mitihani ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, wasianzie kwenye kutengeneza kitu kipya. Wapewe kwanza kabati la zamani lililokwama. Waitoe droo, waitie namba, waisafishe, watafute ilipobanwa, wairudishe. Atakayefungua kazi ya mtu mwingine na kuona alivyomfikiria, au alivyomsahau, hatatengeneza droo ya kupigiliwa misumari maishani mwake.

Sisi wanunuzi nasi tuna zamu yetu. Tunapomwita fundi, tusimpunje kwa kuwa amemaliza upesi. Dakika zile chache tunazoziona zimelipiwa kwa miaka ya gololi zilizomwagika sakafuni. Na tunaposimama mbele ya kabati jipya kando ya barabara ya Ukunda, tusitosheke kupapasa rangi na kugonga ubao. Tumwambie aliyelitengeneza atutolee droo moja, yote, mbele yetu, kisha airudishe. Aliyeificha kazi yake atatafuta sababu. Aliyeifanya kwa haki ataitoa kwa furaha, atatugeuzia kitako chake tukione, na atatueleza mwezi gani aliitengeneza. Huyo ndiye wa kupewa fedha zetu, kwa sababu ametutengenezea kabati ambalo yeye mwenyewe hatahitajika kulitengeneza milele. Fundi mwingine yeyote mwenye subira ataweza.